Mchanga wa Veranda ya Bwana Pita

Maringo, Nairobi, Alhamisi jioni

Rafiki yangu Wafula,

Sijui barua kwa mtu aliyekufa huanzwaje. Zile za kawaida huuliza hali, na hali yako naijua. Naandika kwenye ile meza uliyonitengenezea, ile inayoyumba, ambayo kila nikilalamika ulisema meza haina kosa, kosa ni la sakafu niliyoiziba mwenyewe.

Nianze na lililonileta, nisije nikalizunguka mpaka karatasi iishe. Jumamosi mjane wako, mama Nasimiyu, anarudi kwenu Bungoma. Anahama kabisa, yeye na mtoto. Kuna neno lazima nimwambie kabla hajapanda basi, na ni neno ambalo hata wewe sikukuambia. Nimelikalia zaidi ya miaka minne. Leo Alhamisi, kwa hiyo nimebakiwa na kesho tu.

Lakini ulipenda habari, nikupe kidogo. Unga mweupe umepotea. Tunakula ule wa njano ulioletwa na meli, na hata huo tunaupangia foleni. Najua ungesema hiki ni chakula cha kuku, halafu ungeongeza sahani ya pili. Kule Gikomba kibanda chetu cha kazi kimegawanywa. Upande wako amekaa mtu wa kuchomelea madirisha, anapiga nyundo kutwa nzima na anaimba vibaya. Kwenye kwaya kanisani sauti ya nne imebaki na watu wawili, na mmoja ana kikohozi. Mimi siimbi siku hizi. Nikisimama pale mbele nikafungua mdomo, naona kama watu wote wananingoja niseme kitu kingine.

Mama Nasimiyu ameniomba nimpelekee sanduku lako la vifaa. Limekaa chini ya kitanda changu miezi mitano tangu lilipotoka pwani, na sikuwa nimeligusa. Jana mchana nikalitoa ili nipake vifaa mafuta kabla sijampa, maana chumvi ya kule haina huruma na chuma. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama ulivyozoea: randa, patasi tatu, timazi imeviringishwa uzi wake, penseli nusu. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa chako cha mkononi, kile cha miraba, kimefungwa fundo. Ndani yake kipande cha zege, ukubwa wa ngumi. Nikakigeuza. Katikati ya simiti lilikuwamo ganda dogo jeupe la konokono wa baharini, zima, halijavunjika hata ukingo.

Nilikaa chini, Wafula. Kwa hiyo ulijua.

Wacha niyaseme yote kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, kwa sababu sijawahi kuyasema kwa utaratibu hata siku moja.

Unakumbuka Bwana Pita alivyotupata. Alikuwa meneja wa kiwanda kule Industrial Area, Mholanzi mrefu mwenye masikio mekundu, na sisi tulimtengenezea rafu za stoo. Akaipenda kazi. Siku moja akatuita ofisini, akatandaza mezani mchoro aliouchora mwenyewe kwa rula. Nyumba ya kustaafia, ufuoni, kusini ya Mombasa. Kile kiwanja alikuwa amekingojea muda mrefu, maana mgeni kupata ardhi iliyopakana na bahari ni kazi ya kubisha milango mingi. Anatumwa ofisi hii, anarudishwa ile, karatasi inakosa muhuri mmoja, mwenye muhuri yuko likizo. Ruhusa ilipotoka alikuwa na haraka kama mtu anayeogopa wenyewe wataghairi.

Mafundi wa kule walimshauri ajenge kwa mawe ya matumbawe na chokaa, aezeke makuti. Akakataa. Alitaka veranda pana ya zege, paa lake bapa, chuma ndani, ikitazama maji. Kwao, alituambia, bahari huzuiwa kwa kuta na watu hulala chini ya usawa wake bila wasiwasi, kwa hiyo bahari haikumtisha. Wewe ukamjibu kwa adabu, "Lakini bwana, hiyo bahari yenu iko baridi." Alicheka. Tulicheka sote watatu. Hakuna aliyejua kwamba ulikuwa umesema jambo la maana kuliko mchoro mzima, maana chumvi ya bahari ya joto hula chuma upesi zaidi.

Akatuchukua sisi kwa sababu alituzoea. Hakuona kwamba kule pwani sisi nasi tulikuwa wageni kama yeye, tena pengine kumzidi. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Siku ya kwanza niliyaonja maji nikayatema, ukaniambia, "Kwani ulidhani watu walikuwa wanakudanganya?"

Na alikuwapo Mzee Hamisi, mlinzi wa kiwanja. Ujanani alikuwa fundi wa chokaa, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini mikono bado ilikuwa na kazi ndani yake. Kiswahili chetu cha Maringo kilimmaliza kwa kicheko. Ulipomwambia nyumba yako "iko na mlango mbili" alijishika mbavu, akakufundisha kusema ina milango miwili, na siku ya pili ukakosea tena makusudi ili acheke. Mlipendana nyinyi. Mimi nilimwona mtu wa polepole, anayemeza maneno kana kwamba siku haina mwisho.

Halafu mvua. Mchanga wetu ulikuwa unaletwa na lori kutoka mtoni, mbali na ufuo, na barabara ikakatika. Chuma kilikuwa kimeshafungwa, mbao za kumwagia zege ziko tayari. Wewe ulikwenda Mombasa kutafuta mbao za milango na bawaba. Ukaniambia, "Ngoja lori. Isipokuja, ngoja tu." Ulikuwa uende siku mbili.

Sikungoja. Nilikuwa nimechoka na joto, na mbu, na kile chumba tulicholala kilichonuka samaki. Nilitaka kwetu. Nilitaka baridi ya asubuhi ya Maringo na chai ya mke wangu. Bwana Pita alikuja akatazama mawingu, akatazama saa yake, akaniuliza tutamwaga lini. Nikageuka nikatazama ufuo. Mchanga mweupe, safi, umelala pale hatua chache. Nikawaambia vibarua wachukue karai.

Usifikiri sikujua. Ningekuwa sikujua ningekuwa nalala usingizi. Mzee Hamisi alikuja, akachota mchanga kiganjani, akaulamba, akasema mbele ya watu wote, "Mchanga huu una chumvi, fundi. Chumvi itakila hicho chuma taratibu. Veranda hii itamwangukia mtu." Vile vile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuonyesha njia. Nilimwambia akalinde geti.

Uliporudi tulikuwa tumeshamwaga na kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Ukashusha mbao zako, ukaizunguka kazi, ukafurahi. Ukaniuliza, "Njoro, mchanga ilifika?"

Nikasema, "Ilifika."

Ukanipiga begani ukaenda kunawa. Mzee Hamisi alikuwa amekaa karibu, alisikia. Akainama akatazama miguu yake. Nadhani alinionea aibu, akaona ni juu yangu kusema, si juu yake.

Miaka ikapita, nikaanza kuamini kwamba labda simiti ilikuwa na nguvu kuliko chumvi. Tukajenga kwingine. Nasimiyu akazaliwa, ukaninywesha soda mpaka nikavimba tumbo. Halafu ikaja ile barua ya Bwana Pita. Veranda ina nyufa, maji mekundu yanachuruzika chini ya dari, je, mafundi wake wanaweza kuja kuangalia? Ukaisoma kwa sauti pale kibandani. Mimi nilikuwa nimeshika msumeno, nikauweka chini. Ukasema, "Kazi ni yetu. Twende tuone." Nikakuambia mgongo unaniuma.

Mgongo haukuwa unauma. Nilikusindikiza hadi stesheni nikakubebea sanduku hili hili.

Siku ya nne ikaja simu ya maandishi: veranda imekuangukia.

Tulikuzika kwenu. Ikafika zamu ya wenzako wa kazi, na kule kwenu aliyefanya kazi na marehemu husimama akaeleza kifo kilivyokuja, watu wasibaki wakikisia. Nikaitwa. Nilisimama karibu na jeneza, mama yako amekaa chini mbele yangu amenyoosha miguu. Hata neno moja la uongo sikusema, Wafula. Nilisema kulikuwa na mzee mmoja wa pwani, na mzee huyo alisimama mbele yetu wakati wa kujenga akatamka kwamba veranda ile itamwangukia mtu. Nikaketi. Nikausikia mnong'ono wa uchawi ukipita kwa watu, ukianzia mbele mpaka kule kwenye migomba, na mama yako akaweka mikono kichwani. Ningeweza kusimama tena. Nilikuwa na mchana mzima wa kusimama tena.

Bwana Pita alikuwa nyuma, kofia mkononi, analia bila kujificha. Aliponiuliza kwa nini, nilimjibu, "Bahari, bwana." Kila mtu nilimpa kile alichokuwa tayari kukiamini. Bwana Pita amesharudi kwao. Nyumba imebaki pale haina veranda wala mtu, na nasikia tumbili wanaingia madirishani.

Sasa lililo baya zaidi. Wiki chache baada ya matanga Mzee Hamisi alikuja Nairobi. Peke yake, na macho yale, na sanduku lako begani. Aliulizia njia mpaka akafika Maringo, kwenye mlango wako. Kanzu yake ilikuwa na vumbi la safari nzima. Mama Nasimiyu akafungua, na mzee alipojitambulisha tu, akarudi nyuma akafunga mlango. Mzee akaomba maji kupitia mlango. Hakupewa. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha ndoo. Vijana wakakusanyika, "Huyu buda ndiye mrogi wa pwani! Atoke hapa! Na hiyo sanduku asiache!"

Nilikuwa ng'ambo ya njia, kwenye kioski. Aliniona, au labda aliijua sauti yangu nikisalimiana na muuzaji. Akasema, "Fundi Njoroge, waambie." Basi. Hakusema zaidi. Watu wakanigeukia wote.

Nikasema, "Mzee, wacha nikusindikize stendi."

Njiani ndipo aliponieleza siku yako ya mwisho. Kwamba ulisimamisha nguzo za kuegemeza, ukagonga chini ya dari kwa patasi, kipande kikaanguka ukakiokota. Ukakitazama muda mrefu. Ukakifunga kwenye kitambaa, ukakitia sandukuni, ukalitoa sanduku nje kabisa ukaliweka mchangani. Ulikuwa umeshatoka, Wafula. Ulikuwa salama. Halafu ukamwuliza mzee analala wapi, akakuambia hapo hapo chini ya veranda, kwenye kitanda chake cha kamba. Ukarudi ndani kuongeza nguzo moja.

Aliponieleza hayo hakunilaumu. Alinishika mkono kuvuka barabara kwa sababu ya macho yake. Nikampandisha basi, nikarudi na sanduku, na nikanyamaza tena miezi mitano. Lakini kuhusu kile kipande alisema tu "jiwe", na mimi nikajidanganya kwamba lilikuwa jiwe.

Ulikuwa unakileta unionyeshe. Sijui ungefanya nini. Kunipiga usingenipiga. Nadhani ungekiweka kwenye meza hii inayoyumba, ukangoja.

Kesho nitakwenda kwake. Nimeandika hivyo ili nisiweze kurudi nyuma.


Jumamosi, mchana

Nimerudi kutoka stendi ya mabasi.

Jana nilikwenda saa za chai. Alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Nyumba yenu tupu sasa, kuta zina alama tu pale picha zilipokuwa. Akasema, "Karibu shemeji, kalia hiyo debe, viti nimefunga." Nikasema nitasimama. Nikamwambia. Nilianzia kwenye lori, nikamaliza kwenye mgongo wangu ambao haukuuma. Hakunikatiza. Aliendelea kufunga vikombe, kimoja kimoja, mpaka nilipofika kwa Mzee Hamisi akilamba mchanga. Hapo mikono ikasimama.

Nilidhani atalia kwa ajili yako. Akasema, "Huyo mzee aliniomba maji, shemeji. Maji tu. Nikasikia vile anameza mate, nikaegemea mlango."

Nikaketi kwenye lile debe.

Kisha akauliza, "Na Wafula alijua?" Nikafungua kitambaa. Akaligusa lile ganda kwa ncha ya kidole. Nikamweleza kuhusu ile nguzo moja ya mwisho na kitanda cha kamba. Akatikisa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza niliona kitu kinachofanana na tabasamu, kikapotea. Akasema, "Huyo ni yeye kabisa." Halafu akaniambia, "Toka, shemeji. Toka kwanza."

Leo asubuhi nilikwenda kubeba mizigo bila kujua kama nitaruhusiwa. Aliniacha nibebe. Kitanda, magunia, sanduku lako. Hilo nalo anakwenda nalo, limefungwa kamba mbili juu ya basi. Kile kipande aliniwekea mkononi kabla hatujatoka nyumbani. Majirani walikuja kuaga, na mbele yao wote, pale bombani, akawaambia yule mzee wa pwani hakuwa mchawi, alikuwa fundi, na kwamba mtu wa kuulizwa ni huyu hapa. Akanielekeza kwa kidevu. Nikaulizwa. Nikajibu. Mama Atieno, ambaye amekuwa akinipa mboga tangu ulipokufa kwa sababu nilimpoteza rafiki, alibeba ndoo yake akaondoka.

Stendi hakunipa mkono. Basi lilipowaka alitoa kitu dirishani, kikombe chako cha bati, kile cha buluu kilichobanduka rangi mdomoni ambacho hukutaka mtu mwingine akinywee. Akasema, "Mpelekee mzee. Mchotee maji na hiyo, umwambie ni mimi nimetuma. Umwambie mbele ya watu." Halafu akasema, "Na kwetu pia utasimama useme. Pale pale ulisimama." Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Usiniambie utakuja. Kuja." Nasimiyu alinipungia mkono mpaka basi likakata kona. Yeye bado hajui.

Sasa nimekiweka kikombe hapa mezani, na kile kipande kando yake. Mke wangu amevitazama vyote viwili, akaniuliza safari ni lini. Jumatatu nitapanda treni. Nitamtafuta Mzee Hamisi, popote alipohamia baada ya nyumba ile, na nitamwita kila aliyekuwa kibarua siku ile, na nitasema. Nikitoka huko nitakwenda Bungoma, nisimame mahali lilipokuwa jeneza, mbele ya mama yako. Naogopa, Wafula. Ya pwani siogopi sana. Ya mama yako naogopa.

Nilitaka nimalizie kwa kukuomba msamaha, kisha nikaona si haki kumwomba mtu asiyeweza kunikatalia. Sitaomba. Nitakwenda tu. Na kazi yoyote nitakayoijenga tangu leo, mchanga nitauonja mwenyewe kwa ulimi mbele ya mwenye nyumba, ajue ninachofanya na kwa nini. Hiyo ndiyo ahadi niliyonayo, sina kubwa zaidi.

Pumzika, ndugu yangu. Ulikuwa na sauti nzuri na hukuwahi kujisifu nayo. Kama ungerudi leo ukashusha mbao zako pale, ukaizunguka kazi, ukaniuliza lile swali, hili ndilo ningekujibu kabla hujanigusa bega:

Mchanga haikufika, Wafula. Haikufika.

Njoroge